Anotesheni ipo, programu haiioni: kusaka kosa nyuma ya proksi ya Spring

Juzi nilikaa na mwenzangu kazini, huduma yake ya wavuti, iliyojengwa kwa Spring (fremu ya Java), imemshinda. Ana anotesheni (lebo inayobandikwa kwenye msimbo) aliyoiunda mwenyewe, `@Ruhusa("msimamizi")`, anayoiweka juu ya metodi, na programu inapowaka hukusanya metodi hizo kwenye orodha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipoongeza `@Transactional` kwenye klasi. Anotesheni hiyo huifanya Spring iifunike bini (kitu inachokiunda na kukisimamia yenyewe) kwa proksi, yaani kitu kinachosimama mbele yake, kikapokea miito na kufungua muamala. Metodi zikatoweka kwenye orodha, logi kimya, na ukaguzi wa ruhusa ukawa haufanyiki tena. Kosa hili nalifahamu, liliwahi kunila siku nzima.

Hatua 1: Retention

Anotesheni yako iwe na `@Retention(RetentionPolicy.RUNTIME)`. Usipoiandika, Java huchukua `CLASS`, na reflekshini (njia ya msimbo kuzichunguza klasi na metodi programu ikiwa inaendeshwa) haitaiona hata pasipo proksi.

Hatua 2: Chapisha jina la klasi

```java
System.out.println(bini.getClass().getName());
```

Andika `getClass()`, usichapishe `bini` peke yake. Proksi hupeleka `toString()` kwa kitu halisi, kwa hiyo logi, na hata debaga, itakuonyesha jina la klasi yako na utaapa kwamba hakuna proksi. Mimi debaga siiamini kabisa kwenye kazi hii.

Ukiona `$$SpringCGLIB$$` (kabla ya Spring 6 ilikuwa `$$EnhancerBySpringCGLIB$$`), hiyo ni klasi-mtoto iliyotengenezwa na CGLIB, maktaba inayounda klasi programu ikiwa inaendeshwa. Ukiona kitu kama `$Proxy57`, ni proksi ya JDK (ya Java yenyewe), isiyo na undugu wowote na klasi yako zaidi ya kutumia intafesi zilezile. Usibahatishe: Spring Boot tangu 2.0 huchagua CGLIB hata klasi ikiwa na intafesi, ilhali Spring tupu huchagua JDK.

Hatua 3: Pata klasi halisi

`AopUtils.getTargetClass(bini)`. Kama proksi imefunikwa na proksi nyingine, tumia `AopProxyUtils.ultimateTargetClass(bini)`. `ClassUtils.getUserClass` huvua ya CGLIB tu. Wapo watakaokushauri uweke `@Inherited`. Itasaidia anotesheni ya klasi chini ya CGLIB, lakini haivuki kutoka kwenye intafesi na haigusi metodi hata kidogo.

Hatua 4: Metodi

Hapa ndipo siku yangu ilipoishia. Kilichonipotosha ni kwamba `getBeansWithAnnotation` ilirudisha bini yangu bila shida, nikaamini utambuzi uko sawa. Kumbe Spring yenyewe inajua kuchungulia nyuma ya proksi. Mimi ndiye niliyefuatia na `bini.getClass().getDeclaredMethods()`. CGLIB huandika upya kila metodi inayoweza kuifunika, na anotesheni za metodi hazirithiwi. Nilikuwa napekua metodi tupu.

Tulichoandika ni hiki:

```java
Class<?> halisi = AopUtils.getTargetClass(bini);
Map<Method, Ruhusa> orodha = MethodIntrospector.selectMethods(halisi,
    (MethodIntrospector.MetadataLookup<Ruhusa>) m ->
        AnnotatedElementUtils.findMergedAnnotation(m, Ruhusa.class));
```

Ni `find`, si `get`. `findMergedAnnotation` hupanda hadi kwenye metodi ya mzazi na ya intafesi, `getMergedAnnotation` haipandi.

Orodha ikishajaa, bado kuna mitego. Ufunguo wake ni `Method` ya klasi halisi. Ombi likija na `Method` iliyotoka kwenye proksi, haziwi sawa, kwa sababu `equals` hulinganisha pia klasi iliyotangaza metodi. Utafutaji unarudisha `null`, na msimbo wa mwenzangu ulikuwa unaisoma `null` kama "haina masharti, pita". Kabla ya kutafuta, pitisha kwanza kwenye `AopUtils.getMostSpecificMethod(m, halisi)`.

Kuita metodi nako kuna namna yake. Ukichukua `Method` ya klasi halisi ukaiita juu ya proksi ya JDK, utapata `IllegalArgumentException`. Usikimbilie kukichomoa kitu halisi ndani ya proksi na kukiita moja kwa moja: kitaitika, ila bila muamala, na hutajua mpaka data iharibike. Tumia `AopUtils.selectInvocableMethod(m, bini.getClass())`. Metodi isipokuwepo kwenye intafesi itakurushia `IllegalStateException`, na hilo ndilo unalolitaka, ilalamike mapema.

Tena, ondoa `final` kwenye metodi hizo. CGLIB haiwezi kuifunika metodi ya `final`, kwa hiyo inaendeshwa ndani ya proksi yenyewe, ambako sehemu (fields) zilizodungwa na Spring kwa kawaida ni `null`.

Hatua 5: Kama ni SOAP (huduma za wavuti zinazotumia ujumbe wa XML) kwa maktaba ya Apache CXF

Kwenye `jaxws:endpoint` taja `implementorClass` pamoja na `implementor`. Sifa hiyo ipo mahususi kwa bini iliyofunikwa na AOP (mbinu ya kuongeza kazi kama muamala kupitia proksi), ili `@WebService` isomwe kwenye klasi halisi.

Hatua 6: Jaribu proksi ikiwemo

Jaribio linaloanza na `new` halina proksi, litafaulu daima. La mwenzangu lilikuwa la kijani wakati wote huo. Washa muktadha wa Spring, dai kwanza kwamba `AopUtils.isAopProxy(bini)` ni kweli, kisha hesabu metodi zilizo kwenye orodha. Na ile `null` tuliigeuza: metodi isiyojulikana sasa inakataliwa.