Zawadi ya mama: doti ya kanga, udi na kikuba

Mama wa Unguja au Pemba akipewa kanga, husoma jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, halafu hushika kitambaa, halafu hunusa. Basi zawadi itengenezwe kwa mpango huohuo.

Jina ndilo linaloponza wengi. Watu huchagua rangi, wakasahau kwamba maneno yale yatasomwa na mtaa mzima. Majina mengi ni vijembe vya wake wenza, mawifi na majirani. Mama akijifunga kanga ya namna hiyo, jirani atadhani kasemwa yeye, na ugomvi utakuwa umeununua wewe. Zikiwa zimekunjwa dukani huonekana pindo tu, kwa hiyo mwambie muuzaji aifunue usome. "Nani kama mama" haina hatari, ingawa huenda anazo tayari mbili tatu sandukuni. "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi" ina uzito zaidi, hasa kwa mtoto anayeishi mbali na nyumbani. Ukikosa jina linalokuridhisha chukua kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe: mara nyingi hakina maneno, na hakuna mama asiyekijua.

Kitambaa kiwe pamba tupu. Kanga za nailoni zinang'aa na hazichujuki, lakini hazinyonyi jasho na huteleza kiunoni. Tone la maji likidondoshwa juu yake hukaa kwanza bila kuingia. Ila kanga mpya ya pamba nayo ina dondo, ule wanga unaokaza kitambaa, huweza kukudanganya kwa maji, kwa hiyo kipimo cha uhakika ni moto: chomoa uzi mmoja pembeni, uchome. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Nailoni huyeyuka ikawa kijidonge kigumu. Tazama na kipimo pia. Kanga moja huwa na takriban sentimita 150 kwa 110, na mama mwenye mwili atahitaji pana zaidi. Ulizia kabla hujalipa, uwe soko la Darajani Unguja au Chake Chake Pemba.

Sasa, ukate na kupinda au uiache kama ilivyo? Doti isiyokatwa ni rahisi kuwekwa akiba, na ikishawekwa akiba itaishia kutuzwa bibi harusi wa mtaa wa pili. Ukitaka aivae yeye, ipeleke kwa fundi cherahani. Kata kwa mkasi katikati ya mapindo mawili yanayokutana, ukifuata mstari wa chapa. Usichane kwa mkono, maana chapa mara nyingi haiendi sawa na uzi, utaondoka na pindo la mwenzake. Hupindwa zile ncha fupi tu, 2 kwa kila kanga, kwa upindo wa nusu sentimita uliokunjwa mara mbili. Pande ndefu zina ukingo wa kiwandani, hazifumuki. Usiifue. Dondo ndilo linaloonyesha kwamba ni mpya. Mwambie tu kwamba mara ya kwanza ailoweke peke yake kwenye maji baridi, hasa ikiwa nyekundu au nyeusi.

Udi wa kupika hutangulia yote haya, kwani unapendeza zaidi ukikaa wiki 2 kwenye chupa. Tayarisha gramu 250 za vipande vya sandali, au vilivyochanganywa na udi wenyewe ukimudu bei yake, kikombe 1 cha sukari, nusu kikombe cha marashi ya mawaridi na vijiko 2 vya mafuta ya manukato anayoyapenda mama. Sukari na marashi viende kwenye sufuria nzito, moto mdogo, ukikoroga mpaka shira iwe nzito na ianze kushika rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi: likiganda na kuvunjika, epua. Hapo ndipo unatia vipande, unakoroga haraka, na manukato yanaingia mwisho kabisa nje ya moto. Ukiyatia jikoni harufu yote itaishia hewani, na yakiwa na spiriti huweza kulipuka moto. Tandaza kwenye sinia, ukipoa vunjavunja.

Makosa ni mawili. Shira isipoiva udi hubaki unanata, na wakati wa masika huloa kabisa. Ikiungua, kila ukifukiza nyumba itanuka sukari ya kuungua, na hilo halina dawa, anza upya.

Siku ya kupeleka zawadi, fukiza kanga. Washa makaa nje, uyaache mpaka yafunikwe na jivu, maana makaa meusi hutoa moshi wake na kuharibu kazi. Tia machache kwenye chetezo cha kufukizia, weka udi ukubwa wa ukucha, ufunike kwa tenga na kutandaza kanga juu yake, isipungue sentimita 40 kutoka kwenye moto. Sukari huruka cheche, na tundu moja la cheche linatosha kuharibu doti nzima. Dakika 10 upande huu, 10 upande wa pili, ukae hapohapo.

Kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, ni cha mwisho kwa sababu hakingoji. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado matumba yaliyofumba. Hufunguka usiku, na hapo ndipo zinanukia. Zitungwe kwa uzi, zifungwe pamoja na majani ya mrehani na maua ya kilua kama yapo, kisha zizungushiwe jani la mgomba lenye maji. Friji huweza kuzifanya ziwe za kahawia.

Mama akiwa kwenye eda ya kufiwa, udi, kikuba na kanga ya mapambo vingoje miezi 4 na siku 10 ziishe. Mwenye pumu mpe kanga bila kuifukiza. Na mwenye kisukari usimwongezee halua eti kwa kuwa zawadi haijakamilika bila kitu kitamu; atakula kwa heshima yako, na sukari itampanda.