Kuandika m², °C, ½ na ng' zisiharibike njiani

Tangazo la kiwanja Kigamboni linasomeka "600m2", na aliyelichapa anaapa aliandika m². Ni kweli aliandika. Alikipandisha kile kidogo cha 2 kwenye Word kwa Ctrl, Shift na =, kikakaa vizuri, kisha akanakili maandishi kwenda WhatsApp na 2 ikashuka. Kupandisha ni pambo la Word tu, halihami. Kinachohama salama ni alama yenyewe, ², maana hiyo ina namba yake ndani ya kompyuta.

Kwenye Windows, kama kibodi ina vitufe vya tarakimu upande wa kulia, washa Num Lock, shikilia Alt ya kushoto, andika namba kwa vitufe hivyo (safu iliyo juu ya herufi haifanyi kazi), halafu achia Alt. Alama hutokea unapoachia. Zinazotakiwa zaidi kwenye steshenari ni 0178 kwa ², 0179 kwa ³, 0176 kwa °, 0189 kwa ½, 0188 kwa ¼, 0190 kwa ¾, 0215 kwa ×, 0247 kwa ÷, 0163 kwa £ na 0128 kwa €. Shilingi haikusumbui: 50,000/= ipo yote kwenye kibodi.

Sifuri ya mbele usiiruke. Bila hiyo Windows hufuata orodha ya enzi za DOS (mfumo uliotangulia Windows), na 176 itakupa ░ badala ya °. Num Lock nayo ikiwa imezimwa, kitufe cha 4 ni mshale wa kushoto. Alt na mshale huo kwenye kivinjari humaanisha "rudi nyuma", na fomu uliyokwisha kuijaza inaweza kupotea.

Kompyuta mpakato nyingi hazina vitufe hivyo vya kulia. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na nukta, fungua sehemu ya alama, chagua. Ndani ya Word kuna njia ya haraka zaidi: andika 00B2 kisha Alt na X, inageuka ². Kwa ° ni 00B0, kwa √ ni 221A, kwa ile 2 ya chini ya CO₂ ni 2082. Angalia hapa: ukiandika 3200B0 ukitaka 32°, Word inaweza kuichukua 32 kama sehemu ya namba ya alama. Chagua 00B0 peke yake kwa kipanya, ndipo ubonyeze Alt na X.

Alama ya vema (✓) iandike kwa 2713 kisha Alt na X. Wengi huichukua kwenye fonti ya Wingdings, na hiyo kwa kweli ni herufi ü iliyovalishwa sura nyingine. Faili likifika kwenye simu isiyo na fonti hiyo, vema zote zinaweza kusomeka ü.

Wachapaji wa mitihani wanaijua adha ya (c) kugeuka © kwenye Word. Bonyeza Ctrl na Z hapo hapo, inarudi. Na ukibonyeza Shift na 2 ukapata " badala ya @, kibodi ni nzima: mpangilio umewekwa wa Uingereza. Kitufe cha Windows pamoja na nafasi hubadilisha mpangilio, ikiwa wa Marekani nao umewekwa.

Ritifaa ya ng' ndiyo inayoumiza kimya kimya. Word huipinda: Chang’ombe. Ukiiandika moja kwa moja kwenye Excel inabaki wima: Chang'ombe. Kwa jicho ni kata ileile ya Temeke, kwa Excel ni maneno mawili, na VLOOKUP, fomula ya kutafuta jina kwenye orodha, itajibu #N/A (haipo) huku jina unaliona. Safisha orodha kwanza: nakili ’ kutoka kwenye seli iliyopinda, bonyeza Ctrl na H, ibandike kwenye kisanduku cha juu, andika ' kwenye cha chini, kisha badilisha zote.