Kama bado unachoma dhahabu na zebaki, itoe jikoni kwanza

Naandika hii kwa ndugu zangu wa machimbo, wa Geita, wa Chunya, popote mnapokamatia dhahabu kwa zebaki, mana shemeji yangu kachoma miaka tisa kwenye jiko lilelile mke wake analopikia uji wa mtoto, na sasa hivi ukimpa chai anashika kikombe kwa mikono miwili na bado inamwagika kwenye sahani. Ana miaka 38. Usiku halali, hasira za ghafla, anasema mdomoni anasikia ladha ya chuma muda wote.

Kuna kitu wengi tunakosea hapa. Watu wanaogopa kuimeza zebaki, kumbe ile ya majimaji ukiimeza kwa bahati mbaya karibu yote inapita tu na kutoka, shida kubwa ni mvuke wake. Hauna rangi wala harufu, ukiuvuta takriban asilimia 80 inabaki mwilini, inakwenda kwenye ubongo na kwenye figo, na kwa mama mjamzito inavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Na haingoji moto, hata ikikaa tu kwenye sahani inatoa mvuke, moto ndo unaifanya iwe balaa.

Sasa angalia kile kitonge cha dhahabu iliyoshikana na zebaki ukishakikamua kwenye kitambaa, cheupe kama fedha, ukikiminya kinalia kama mchanga mbichi. Karibu nusu yake ni zebaki. Yani ukichoma kitonge cha gramu 10 kwenye kikaango, kama gramu 5 zimeingia hewani, zikaganda ukutani, kwenye neti, kwenye nguo za watoto, halafu zinaendelea kutoka taratibu siku nyingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa glavu, kamua vizuri mana zebaki inayotoka kwenye kitambaa unaitumia tena. Kitonge kiweke kwenye retoti, kile kichungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza na bomba linaloshuka chini, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea, ila mwambie asitumie bomba lililopakwa zinki. Lizungushie bomba kitambaa kibichi na uwe unakimwagia maji, mvuke ukikutana na baridi unarudi kuwa zebaki na kudondoka kwenye bakuli lenye maji. Hapa tuelewane vizuri: mdomo wa bomba ukae JUU ya maji, usizame, mana retoti ikianza kupoa inavuta maji ndani na inaweza kulipuka usoni kwako. Matone yakiisha ongeza moto kidogo tena, zima, subiri ipoe kabisa ndo ufungue. Najua hapo ndo pagumu, mtu anataka kuona njano yake haraka, lakini ukifungua ya moto umevuta yote uliyokuwa unaikwepa. Retoti nzuri inakurudishia mpaka asilimia 95 ya zebaki, na zebaki ni hela.

Chomea nje, mbali na nyumba, simama upande upepo unakotoka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo, na maziwa ya kukata sumu nayo hayatoi zebaki iliyoingia kwa mapafu, usijidanganye.

Mwaloni, pale mnapooshea mchanga wa dhahabu, usimwage zebaki kwenye mzigo mzima wa mawe yaliyosagwa, osha kwanza ubaki na ule mchanga mzito. Na marudio yenye zebaki, yani mchanga unaobaki ukishakamata dhahabu, usiyapeleke kwenye sianidi, ile kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kabla hayajatolewa zebaki, mana sianidi inaiyeyusha na kuisafirisha mbali. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unayataja hayo pamoja na kuchoma wazi na kuchoma kwenye makazi ya watu kuwa ni ya kukomeshwa. Minamata ni mji wa Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi, na paka waliokula samaki walikuwa wanatetemeka na kuzunguka kama wamerukwa na akili. Vijidudu vya kwenye tope ndo vinaigeuza zebaki ya mtoni kuwa ya aina mbaya zaidi, inaingia kwa samaki wadogo, wakubwa wanawala wadogo, inazidi kujikusanya mpaka inafika kwenye sahani yako.

Ukiona mikono inatetemeka, unasahau sana, fizi zinavimba, mwambie daktari wazi kwamba unachoma dhahabu na uulizie kipimo cha zebaki kwenye mkojo, usipotaja kazi yako atatafuta malaria.

Na ikimwagika ndani toa watoto nje, fungua madirisha, usifagie mana ufagio unaipasua vipande vidogo vidogo. Isukume kwa karatasi ngumu, iingize kwenye chupa nene ya kukaza, weka maji kidogo juu yake na uiandike kwa maandishi makubwa, isiwe chupa ya soda.