Kabla hujavusha gari Likoni

Jiulize kwanza kama una haja ya kuingia kisiwani Mombasa. Ukitoka Nairobi na safari yako ni Diani, Msambweni au Lunga Lunga hadi Tanga, siku hizi huna. Barabara ya Dongo Kundu huachana na barabara kuu pale Miritini, ikapita juu ya maji ya Mwache kwa daraja la mita 660, kisha Mteza kwa daraja refu zaidi, mita 1,440, ikatokea Kibundani upande wa Kwale. Ni kama kilomita 17 hivi. Kipande cha kwanza kilifunguliwa 2018 na njia nzima ikapitika 2024. Jaza mafuta kabla hujaingia, na usisimame Mteza kupiga picha, maana malori ya bandarini hayakungojei.

Kama shughuli zako ziko mjini, utaingilia Makupa, mlango wa maji kati ya kisiwa na bara. Mlango huo ni wa kale kuliko barabara yenyewe: maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu, na ndipo Wazimba, wapiganaji waliotoka bara, walipopitia 1589, jambo lililowafanya Wareno walinde kivuko hicho kwa vijingome. Mwaka 1896 reli ikavushwa hapo kwa daraja la mbao, na baadaye mlango ukajazwa udongo na mawe. Kujaza huko kuliwapa watu njia kavu, lakini kukaziba mkondo, maji ya upande wa bandari ya Kilindini yasikutane tena na ya hori ya Tudor. Kosa hilo lilidumu miongo mingi. Daraja la sasa la mita 457, la 2022, liliinuliwa ili bahari ipite tena chini yake. Wewe dereva jihadhari na malori kuanzia Mariakani hadi Changamwe, na upange kupita mapema.

Nyali, njia ya kwenda pwani ya kaskazini, haina shida kubwa: daraja la njia sita la tangu 1980, lililochukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Epuka tu jioni watu wakirudi nyumbani.

Sasa Likoni, kivuko cha feri kati ya kisiwa na pwani ya kusini. Hapa soma polepole.

Feri zimekuwa zikivusha watu hapa tangu 1937. Mlango wa maji ni kama nusu kilomita tu na safari yenyewe ni dakika chache, lakini kungoja kunaweza kula saa nzima. Asubuhi umati hutoka Likoni kwenda mjini, jioni hurudi, kwa hiyo nenda kinyume chao ukiweza. Meli kubwa ikiingia au kutoka Kilindini, feri husubiri, na hapo hakuna wa kumlaumu. Anayevuka kwa miguu halipi, gari hulipa, basi uwe na salio la M-Pesa kabla hujafika kwenye foleni.

Tazama na mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa hushuka na kupanda zaidi ya mita 3, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Wakati huo mteremko wa kushukia feri huwa mkali. Gari la chini hukwaruza bampa, na lenye mzigo mzito nyuma huburuza mkia. Ingia kwa pembe kidogo, gia ya kwanza, bila kubadilisha gia katikati. Acha nafasi ya gari zima mbele yako, usipande mpaka la mbele limeshatulia. Wakati wa kupanda kutoka ng'ambo, ukisimama kwenye mteremko na klachi nusu, itaungua, na gari litarudi nyuma kwa walio nyuma yako.

Ukishapanda, kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalifanyi: kushuka garini. Hubaki ndani na kiyoyozi, madirisha yamefungwa, mikanda imefungwa, watoto nyuma. Jioni ya tarehe 29 Septemba 2019 gari moja lilirudi nyuma feri ikiwa katikati ya mlango, likateleza kwenye ngazi ya feri na kuingia majini. Mama na binti yake walikuwa ndani. Watu waliona, wakapiga kelele, na gari likazama mbele ya macho yao. Sehemu hiyo ina kina cha zaidi ya mita 50. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba, baada ya siku nyingi za wapiga mbizi kutafuta.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye kila safari. Abiria wote washuke kabla gari halijapanda, wavuke kwa miguu. Dereva avute breki ya mkono hadi mwisho, azime injini na kuacha gia ndani: ya kwanza kama nyuma ya gari kumeelekea majini, ya rivasi kama ni mbele. Gari la otomatiki liwekwe P, na breki ya mkono ivutwe bado, kwa sababu P peke yake haitoshi deki ikitikisika. Sakafu ya feri huwa na maji ya chumvi na mafuta yaliyodondoka, na tairi kipara huteleza hata breki ikiwa imeshika. Beba kabari mbili za mbao, uziweke nyuma ya magurudumu, hasa ukiwekwa safu ya mwisho. Kisha fungua mkanda, teremsha vioo, toa kufuli za milango, ushuke. Vioo vya umeme huenda visifanye kazi gari likishazama, na mlango hausukumiki maji yakiubana kwa nje.

Wanaovuka kwa miguu nao wasikimbilie ngazi feri ikikaribia gati. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, jirani na hapo, ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Ikijaa, ngojea nyingine. Mshike mtoto mkono, usimwache na kikapu. Ukiwa na baiskeli au mkokoteni, kaa nyuma ya magari, usijipenyeze katikati yao. Mabaharia wakikuambia rudi, rudi bila ubishi, na usiku uwe mwangalifu zaidi, taa zikiwaka hafifu au mvua ikinyesha.