Ndugu yako ana Duldung na anafanya kazi Ujerumani: njia zilizopo na karatasi za kumtafutia Nairobi

Duldung si kibali cha kuishi. Inasema tu kwamba Ujerumani imeahirisha kumfukuza mwenye nayo. Mtu anaweza kuwa kazini, analipa kodi na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, na bado akafukuzwa.

Mwambie aipige picha akutumie kwa WhatsApp. Tafuta masharti ya kazi. Pakiwa na "Erwerbstätigkeit nicht gestattet", haruhusiwi kazi yoyote. Pakiandikwa kwamba anahitaji ruhusa ya "Ausländerbehörde", yaani ofisi ya wageni, mwajiri hujaza fomu ya maelezo ya kazi, kisha ofisi huamua. Kikitajwa kifungu cha 60b cha sheria ya ukaaji ya Ujerumani (vifungu vyote hapa chini ni vya sheria hiyo), mambo ni mazito: ofisi inamwona kama mtu anayeficha utambulisho au asiyejishughulisha kutafuta paspoti. Hapo kazi imefungwa, na muda anaokaa katika hali hiyo hauhesabiwi katika miezi au miaka ya Duldung inayotakiwa ili kuomba kibali. Kinachomtoa hapo ni paspoti, na safari ya paspoti huanzia nyumbani.

Fomu hujazwa eCitizen, kisha yeye mwenyewe huenda ubalozi wa Kenya, Berlin, kutoa alama za vidole. Nyinyi mtafute cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho alichoacha nyumbani na nakala za vitambulisho vya wazazi. Kama hakuwahi kusajiliwa, anzeni usajili uliochelewa mapema, mkiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na vyeti vya shule. Majina ndiyo hukwamisha wengi: cheti kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na huko Ujerumani aliandikishwa kwa tahajia nyingine. Nyoosheni hilo huku kwanza. Kama alitoa jina la uongo alipoomba hifadhi, amwone wakili kabla ya kupeleka chochote.

Jambo hili familia nyingi hawaambiwi: paspoti humfungulia mlango wa kibali, lakini pia huondoa kizuizi kilichokuwa kikichelewesha kufukuzwa kwake. Kuificha si dawa, maana ndiko kunakoleta 60b. Iwasilishwe pamoja na ombi lililokamilika, wakili akiwa ameshalipitia. Na kila barua aliyoandikia ubalozi abaki na nakala yake. Huo ni ushahidi kwamba amejitahidi.

Kwa kijana, njia tunayoiona imara zaidi ni Ausbildung, yaani mafunzo rasmi ya taaluma, ya miaka miwili au zaidi. Hupewa Duldung ya kipindi chote cha mafunzo (kifungu 60c), au, tangu Machi 2024, kibali kamili cha kuishi (16g) akitimiza masharti ya ziada, hasa la kujitegemea kwa mapato. Akihitimu na kupata kazi ya taaluma hiyo, hupewa kibali cha miaka miwili. Kozi ya mwaka mmoja ya usaidizi wa uuguzi, ambayo Wakenya wengi huipata, inakubalika pale tu anapokuwa tayari ameahidiwa nafasi ya mafunzo kamili baadaye.

Aliye kazini bila Ausbildung aangalie kifungu 60d. Lazima awe aliingia Ujerumani kabla ya mwisho wa 2022, awe na Duldung kwa miezi 12, na awe amefanya kazi miezi 12 kwa angalau saa 20 kwa wiki, kazi inayokatwa bima ya jamii. Kibarua cha minijob, yaani kazi ndogo ya mshahara mdogo, hakitoshi hata akifanye miaka mitano. Ajitegemee kwa mshahara wake na azungumze Kijerumani cha ngazi ya A2, yaani cha mazungumzo mepesi ya kila siku. Hupewa miezi 30, na baada ya hapo anaweza kuomba kibali. Hukumu ya kosa la makusudi hufunga njia hii, na kupanda treni bila tiketi ni kosa la jinai huko. Anunue tiketi.

Aliyekaa miaka sita (minne akiishi na mtoto mdogo) aombe kwa kifungu 25b: mapato yake yabebe sehemu kubwa ya matumizi, A2, na mtihani wa maswali 33 kuhusu maisha ya Ujerumani, ambapo 15 sahihi yanatosha. Mwenye digrii au taaluma inayotambuliwa huko, na kazi inayolingana nayo, asome 19d. Ile njia ya kibali cha miezi 18 iliyoanza mwisho wa 2022 ilifikia kikomo mwishoni mwa 2025. Anayewauzia fomu zake leo anawaibia.

Ushauri wa bure upo Caritas na Diakonie, mashirika ya misaada ya makanisa. Kila jimbo pia lina tume ya kusikiliza kesi za shida maalumu, lakini aiendee kabla tarehe ya kufukuzwa haijapangwa.

Yote yakishindikana, heri arudi mwenyewe. Kufukuzwa huleta marufuku ya kuingia tena, ilhali aliyeondoka kwa hiari anaweza kuomba viza ya kazi akiwa Nairobi. Ofisi ya wageni humpa karatasi ya kuvuka mpaka. Aikabidhi kwa polisi wa mpakani, au aipeleke ubalozi wa Ujerumani Nairobi akishafika, na ahifadhi nakala pamoja na tiketi ya ndege.