Albamu mpya ikitoka: namna ya kutoa maoni yenye dakika na sekunde

Kila Ijumaa ni yale yale, albamu imetoka asubuhi na kabla jua halijawa kali grupu la WhatsApp limeshajaa "moto", "takataka", "huyu ameisha", na ukimuuliza mtu kilichoisha ni nini hasa, hana jibu. Mimi napenda muziki na napenda watu wakibishana juu ya muziki, iwe pop, roki au elektroniki, lakini ubishi usio na ushahidi ni kelele tu, na msanii aliyekaa studio miaka miwili mitatu anahukumiwa na mtu aliyeskiza nusu ya wimbo mmoja kwa spika ya simu ndani ya matatu ya Bamburi. Kwa hivyo naandika hapa vile unaweza kukaa na albamu mpya ukatoka na maoni ambayo hata asiyekubaliana na wewe ataenda kuyahakiki kwa masikio yake. Msingi ni mmoja: kila unachodai, sema kiko wapi. Wimbo gani, dakika ya ngapi.

Kwanza, usikimbilie kuwa wa kwanza. Ijumaa ndiyo siku ya kutoa albamu dunia nzima tangu Julai 2015, na wakubwa wengi wa Marekani wanaachilia kazi saa sita usiku ya New York, ambayo huku Mombasa ni saa moja asubuhi, au saa mbili wakiwa kwenye majira yao ya baridi. Yaani unaamka tu unaikuta. Tarehe 19 Aprili 2024 Taylor Swift alitoa The Tortured Poets Department ikiwa na nyimbo 16, halafu masaa mawili baadaye akaongeza 15 nyingine zikawa 31. Sasa mtu aliyekuwa ameshafunga kesi saa mbili asubuhi alikuwa amehukumu nusu ya kazi, tena bila kujua kuna nusu nyingine. Na hata wanaolipwa kwa kazi hii wanateleza wakiharakisha, Kid A ya bendi ya Radiohead ilipotoka Oktoba 2000 gazeti la Melody Maker la Uingereza liliipa nyota moja na nusu kati ya tano, miaka kumi haijafika jarida la Rolling Stone na tovuti ya Pitchfork, wahakiki wakubwa wa muziki Marekani, wote wakaiweka namba moja kwenye orodha zao za albamu bora za muongo ule. Siku tatu nne za kuskiza hazikupunguzii kitu.

Mara ya kwanza skiza yote, kwa mpangilio uliowekwa, mwanzo mpaka mwisho, usiruke. Ipakue mapema ukiwa na wifi ya mtu ama bando ya usiku, maana wimbo ukikatika katikati kwa sababu ya neti unaharibu hisia nzima, halafu tafuta mahali pametulia, mimi napenda kwenye sakafu nyumbani watu wakishalala, lakini hata benchi la Mama Ngina siku ya kazi asubuhi linafaa kabisa ukiwa na hedifoni. Usiandike kitu. Usifungue maoni ya watu. Hapo unataka kujua tu albamu inakupeleka wapi na wewe mwili wako unajibu vipi, wapi umetikisa kichwa bila kupenda, wapi umeanza kufikiria mambo ya kodi.

Mara ya pili ndiyo ya kalamu na karatasi, ama noti za simu ukipenda. Kila kitu kikikugusa, kizuri au kibaya, simamisha, andika wimbo na dakika, na maneno matatu manne tu: "wimbo wa 4, 2:10, ngoma zimetoka ghafla, sauti imebaki peke yake." Ukimaliza albamu utakuwa na mistari ishirini hivi na hiyo ndiyo mali yako yote, maoni utakayoandika yanatoka humo, hayatoki hewani.

Sasa kuhusu vyombo vya kuskizia, hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapotoa hukumu ya uongo bila kukusudia. Spika ya simu haina besi. Sio kwamba ni ndogo, haipo, kwenye muziki wa klabu pigo la chini liko karibu na hertzi (mitetemo kwa sekunde) 50 au 60 na kispika cha simu hakifiki huko hata kidogo, unaloskia ni ule mkwaruzo wa juu tu wa hilo pigo. Halafu mtu anasema albamu "haina nguvu". Matatu nayo ni kinyume, besi imepandishwa mpaka viti vinatetemeka, kwa hivyo kila kitu kinaskika kizito na kizuri, hata kazi mbovu. Bas, skiza kwa hedifoni, skiza kwa spika ya kawaida ya nyumbani, skiza kwenye gari ukipata mtu wa kukubebea hadi Mtwapa na kurudi, na ukiandika useme uliskiza kwa chombo gani. Ni mstari mmoja tu lakini unamsaidia msomaji sana.

Na jihadhari na sauti kubwa. Sikio likipewa nyimbo mbili linapenda ile yenye sauti kubwa zaidi, hata kama ni wimbo ule ule. Ndiyo maana kwa miaka mingi studio zilikuwa zinasukuma sauti mpaka mwisho. Death Magnetic ya bendi ya Metallica ya 2008 ni mfano unaojulikana, ilisukumwa mpaka sauti ikawa inapasuka, na mashabiki wakagundua nyimbo zile zile kwenye gemu ya Guitar Hero zinaskika safi kuliko kwenye CD waliyonunua kwa pesa yao. Kwa hivyo kwenye roki hasa, punguza sauti ya simu nusu halafu uulize: bado naskia gitaa iko huku, drumu ziko kule, ama vyote vimebanana kama abiria wa feri ya Likoni jioni? Hilo ni jambo la kweli la kusema kwenye maoni.

Kwenye pop angalia muundo. Spotify wanahesabu wimbo umeskizwa ukipita sekunde 30, na kule Marekani RIAA, chama cha kampuni za muziki, tangu 2016 wanahesabu strimu (mara za kuskizwa mtandaoni) 1,500 kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa, kwa hivyo kuna sababu ya kibiashara ya kiitikio kuja mapema na ya albamu kujazwa nyimbo nyingi. Ukiona nyimbo 25 jiulize ni ngapi zingetolewa na hakuna mtu angeuliza ziko wapi, kisha zitaje kwa majina. Halafu linganisha na anayekataa hiyo njia, Billie Eilish kwenye Hit Me Hard and Soft ya Mei 2024 aliweka nyimbo kumi tu na hakutoa singo (wimbo wa kutangulia) hata moja kabla, na ukienda wimbo wa L'Amour de Ma Vie utaskia inaanza taratibu, wimbo wa kukaa na kuwaza, halafu ukipita dakika tatu inageuka kabisa, sinthesaiza (vinanda vya umeme) zinaingia mbio na sauti yake imepitishwa kwenye mashine. Unaweza kuupenda huo mgeuko, unaweza kusema ni nyimbo mbili zimegundishwa kwa nguvu. Yote mawili ni sawa, mradi umeonyesha ni pale.

Elektroniki ndiyo inayoonewa zaidi, "inarudia rudia tu", na hapa sisi wa pwani tuna faida ambayo hatuitumii. Umeenda harusini umeskia chakacha, ngoma inazunguka pale pale na hakuna anayelalamika ati inarudia, manake kila mtu anaskia yale madogo yanayobadilika, mpigaji ameongeza kipigo, mwimbaji amepandisha, viuno vikajibu. Taarab vilevile, vyombo vinacheza vyenyewe kitambo kabla mwimbaji hajafungua mdomo na watu wanangoja kwa raha zao. Sasa chukua sikio hilo hilo ulipeleke kwenye elektroniki. Shika sauti moja tu, mfano ile kengele ndogo ya juu, ifuate dakika nzima, andika ilibadilika lini, iliondoka lini, nini kiliingia ilipoondoka. Ukitoka kwenye hausi (house, muziki wa klabu) inayokwenda mapigo 125 hivi kwa dakika ukaingia singeli ya Dar es Salaam inayopita 200, ile ya kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, usiseme "ni haraka sana", sema kasi hiyo inafanya nini. Na zipo ambazo hazina ngoma kabisa kama albamu ya Peel ya msanii KMRU wa Nairobi ya 2020, hiyo ukiiskiza ukiwa unapika itakupita yote.

Maneno na lugha nayo. Kama huelewi lugha usijifanye, sema huelewi na uhukumu sauti. Lakini pia usidharau unachokijua wewe. Rosalía wa Uhispania alitoa Lux Novemba 2025, ameimba kwa lugha zaidi ya kumi, na kwenye wimbo wa La Yugular (jina lake ni mshipa wa shingo) kuna Kiarabu ndani. Mtu aliyesoma madrasa hapa Mji wa Kale atakumbuka mara moja aya ya 16 ya Surat Qaf, ile ya Mwenyezi Mungu kuwa karibu na mja kuliko mshipa wa shingo yake, na tayari ana jambo zito la kusema ambalo mwingine itabidi akatafute. Liandike! Hayo ndiyo maoni ambayo lazima yatoke Mombasa.

Ukikaa kuandika, tofauti ni hii. Chukua wimbo wa Giorgio by Moroder kwenye albamu ya Random Access Memories ya kundi la Daft Punk ya 2013. Maoni mabaya: "wimbo mrefu unachosha, mzee anaongea tu." Maoni mazuri: "wimbo ni dakika tisa, mwanzo Giorgio Moroder, mtayarishaji mkongwe wa muziki, anasimulia maisha yake na nyuma yake unaskia watu kama wako mkahawani, halafu sinthesaiza inaingia na simulizi linakuwa muziki, kwangu sehemu ya mwisho yenye drumu nyingi ilizidi." Huyu wa pili hata ukimkatalia unajua mnabishania wapi.

Tenga "sikuipenda" na "ni mbovu", weka kila moja kwa sentensi yake. Alama mimi sipendi sana, Pitchfork wanatoa mpaka pointi ya desimali, 7.3, 8.1, lakini ukitoa alama itoe mwisho kabisa. Maoni ya wengine na Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, fungua baada ya kuandika yako. Msimseme msanii mwili wake, dini yake wala ndoa yake, haimo kwenye albamu.

Na ukishaposti akaja mtu akasema "hebu rudi wimbo wa 6 dakika ya pili, skiza besi", rudi kweli, siku hiyo hiyo, kwa hedifoni nzuri. Kama ana haki ongeza mstari chini ya maoni yako na tarehe, yale ya mwanzo usiyafute, watu waone yote mawili.