Kuchanganya maji ya chumvi na sukari, na mlango wa seli uliogoma kufungwa

Huku kwetu Kasese, Uganda, mtu akiharisha na pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ikikosekana, nachanganya mwenyewe: maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa (chupa mbili za soda za nusu lita), vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko cha kufuta, si cha kilima! Pitisha kisu juu yake. Mara ya kwanza nilijaza kilima cha chumvi. Mtoto wa jirani akakunja uso, akatapika yote. Siku hizi naonja kwanza: yasizidi chumvi ya machozi.

Kwenye utando wa seli za utumbo kuna mfereji wa protini, CFTR, unaopitisha kloraidi (sehemu moja ya chumvi). Sumu ya kipindupindu huufanya ubaki wazi: kloraidi inamwagika, sodiamu (sehemu ya pili ya chumvi) na maji vinafuata. Ndiyo ule mharo kama maji ya mchele.

Bahati nzuri, protini nyingine ya kubeba, SGLT1, haiguswi na sumu hiyo. Huingiza sodiamu ikiandamana na glukosi (inayotokana na sukari), maji nyuma yao. Kwa hiyo sukari si ya utamu.

Mpe mgonjwa kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee. Bodaboda ya kwenda kituo cha afya iwe imeshaitwa.